Mpaka Daraja la Lukuga

Kabla ya mwaka ule, mara ya mwisho nilipokimbia nilikuwa namfukuza mbuzi wa jirani aliyeingia ndani na kuanza kutafuna madaftari ya wanafunzi wangu. Mbuzi alinishinda. Nilifika kwenye uzio, nikashika mti, nikakohoa hadi machozi yakatoka, naye akasimama hatua kumi mbele yangu akimalizia ukurasa wa hesabu. Nilikuwa na miaka thelathini na saba. Nilikuwa nimezaa mara tano, nafundisha kalasi ya tatu katika shule moja ya Kalemie iliyokuwa juu ya kilima, na kila asubuhi nilipopanda kilima kile nilisimama mara mbili nikijifanya natazama ziwa.

Ilikuwa miaka ya Zaire. Tuliitana sitwayen na sitwayeni, yaani raia, wanaume walivaa koti la abakosti bila tai, na mwanamke aliyeonekana njiani na suruali aliweza kupata matatizo na vijana wa chama.

Barua ilifika katikati ya mvua. Direkteri wetu aliisoma mbele ya walimu wote: kwa sikukuu itakayokuja baada ya miezi minne, kila shule itoe mwalimu mwanaume mmoja na mwalimu mwanamke mmoja, wakimbie kutoka gare ya treni mpaka daraja la Lukuga na kurudi. Kilomita kumi na mbili, alisema. Kwa wanaume hakukuwa na shida, maana mwalimu wa kalasi ya sita alicheza mpira kila jioni. Wanawake tulikuwa wawili tu. Mwenzangu alikuwa kijana mwembamba, mwenye mimba ya miezi sita. Wote walitazama tumbo lake, halafu wakanitazama mimi, halafu wakatazama chini.

Tulipobaki wawili ndani ya biro, ofisi yake, Direkteri aliniambia, "Usiogope, mama. Jina tu njo wanataka. Utasimama pale gare pamoja na wengine. Wakipiga filimbi, utatembea mpaka kwenye kona ya posta, halafu utaingia pembeni, utakunywa maji, utarudi nyumbani. Mimi nitawaambia mapema kwamba utaacha. Hakuna mutu atakuuliza kitu."

Hakuwa mtu mbaya. Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulioniuma. Niliitika, "Ndiyo, Direkteri," nikashuka kilima na kapu langu la madaftari. Njiani nilihesabu vitu nilivyoviacha nusu katika maisha yangu kwa sababu mtu mpole aliniambia si lazima nimalize. Masomo ya uuguzi niliyaacha mwaka wa pili, nilipoolewa. Kushona niliacha. Hata kamba ya kisima tuliyokuwa tunaisuka na dada yangu utotoni, niliiacha. Nilipofika mlangoni kwangu nilikuwa nimekwisha kuamua.

Mume wangu alikuwa fundi wa garimoshi. Siku tatu kwa juma alikuwa njiani kwenda Kabalo na kurudi, lakini jioni ile alikuwapo.

"Nitakimbia," nilimwambia.

"Mpaka kona ya posta?"

"Mpaka Lukuga. Na nitarudi."

Alicheka. Halafu aliona mimi sicheki, akaweka sahani chini. "Hauwezi kuzunguka barabarani peke yako saa kumi na moja ya asubuhi," alisema. "Utaenda na Mama."

Mama, yaani mama yake mzazi, alikuwa ameketi pale pale akichambua ndagala. Alikuwa ametoka kwenye milima ya Moba baada ya kumzika mume wake, na alikuwa ameishi nasi miaka miwili. Hatukuwa tumegombana hata siku moja, wala hatukuwa tumezungumza sana. Yeye alikuwa anaona bukari yangu, ugali wangu, ni laini mno, na mimi nilikuwa naona kwamba anaona.

Aliuliza bila kuinua kichwa, "Kukimbia kwenda wapi?"

"Lukuga, Mama."

"Kuko nini kule Lukuga?"

"Hakuna kitu, Mama. Tunafika, tunarudi."

Alichambua samaki watatu au wanne. "Basi," alisema, "tutaenda tuone hiyo hakuna kitu."

Asubuhi ya kwanza niliondoka mbio kama mtoto aliyetumwa chumvi na wageni wamekwisha fika. Nilivaa viatu vya turubai vya mume wangu, nimejaza vitambaa mbele ili visinitoke. Kando ya barabara ya ziwa kulikuwa na nguzo za umeme. Nguzo ya kwanza nikaipita, ya pili nikaipita. Kwenye ya tatu kifua kilikuwa kinawaka moto, na kwenye ya nne nikakaa chini kwenye majani yenye umande. Mama alikuja nyuma taratibu, miguu mitupu, na fimbo yake ya kufukuza mbwa. Alifika, akanitazama, akapita. Alipokuwa mbele yangu umbali wa nguzo moja aligeuka akapaza sauti:

"Mimi natembea, na nimekupita!"

Usiku ule nililala miguu ikiwa juu ya kiti. Asubuhi ya pili sikuweza kuchuchumaa. Ya tatu tulikwenda tena.

Mama ndiye aliyepanga jinsi ya kukimbia. Alisema nikimbie nguzo mbili, nitembee nguzo mbili, na nikimbie polepole kiasi cha kuweza kusali Salamu Maria yote kwa sauti bila kukata neno. Nikikata neno, nitembee. Mwanzoni sikuwahi kuvuka "umejaa neema". Watu waliokuwa wanateremka bandarini walitusikia wawili tukisali barabarani, mmoja akihema na mwingine akisahihisha, wakavua kofia wakidhani tunakwenda kumsomea maiti.

Si kwamba alijua kila kitu. Juma la pili alisisitiza kwamba mtu hawezi kukimbia na tumbo tupu. Alinipikia bukari ya muhogo ngumu kama anavyoipenda yeye, na samaki wa mgebuka wa kukaanga juu yake, nikala yote kwa heshima. Karibu na njia ya reli nilitapika yote, heshima na yote. Alinishika mgongo, akanipa jani la kujipangusa, na hakusema kwamba alikosea. Kesho yake nilikuta kikombe cha uji mwembamba mezani. Ndivyo alivyoomba radhi.

Tatizo kubwa lilikuwa kikwembe. Suruali hairuhusiwi, gauni langu la shule linabana, basi nilikimbia na kikwembe nilichofunga kiunoni kama kila mwanamke, na kila nguzo mbili kinalegea. Siku moja mbele ya wanawake waliokuwa wanaanika ndagala mchangani kilianguka chote. Nilibaki na jupo fupi ya ndani, mikono nikiwa sijui niipeleke wapi. Wale wanawake walicheka mpaka mmoja akakaa juu ya samaki wake. Nilikiokota nikajifunga. Nilitaka kurudi nyumbani.

"Endelea," Mama alisema. "Kama ukirudi sasa watacheka na kesho. Ukipita tena wakati wa kurudi, watakuwa wamechoka."

Nilipita tena. Hawakuwa wamechoka, lakini mmoja alinipigia makofi.

Mchana ule Mama aliomba mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, uliotoboka. Aliukata mkanda mwembamba, akashona kikwembe changu cha zamani kuwa sketi pana yenye marinda, akaingiza ule mpira kiunoni. Sikujua kwamba anaweza kushona vizuri hivyo. Nilimwambia. Alisema, "Haujauliza." Ilikuwa kweli.

Mwezi wa pili nilifika Salamu Maria nzima. Halafu mbili. Tulikuwa tunatoka kabla ya king'ora cha kiwanda cha nguo, tunafika karibu na nusu ya njia, tunarudi jua likiwa linatoka upande wa pili wa ziwa. Nilianza kupanda kilima cha shule bila kusimama. Sikumwambia mtu. Nilisimama tu mlangoni kwa kalasi nikisikiliza pumzi zangu, kama mtu anayesikiliza saa aliyokuwa anadhani imekufa.

Jumapili moja baada ya misa, mama watatu wa parokia walikuja nyumbani wakiwa wamevaa vizuri. Mume wangu alikuwa amerudi kutoka Kabalo. Tuliwapa viti, tukawapa maji. Mkubwa wao alikohoa kidogo.

"Papa," alimwambia mume wangu, "tumekuja kwa ajili ya amani ya nyumba yako."

"Amani gani, mama?"

"Hatutaki kuingia mambo ya watu. Lakini kila asubuhi watu wanaona bibi yako anakimbia barabarani, na mama yako anamufuata nyuma na fimbo."

Mume wangu alinitazama mimi, akamtazama mama yake. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka na fimbo ile ile imelala karibu na mguu wake. Kwanza mabega yake yalitikisika. Halafu akaanza kucheka, kicheko kikubwa chenye sauti, akijipiga mapaja, na watoto wakaja mbio kutoka nje kuona nkambo wao amepata nini. Katika miaka miwili sikuwa nimemsikia akicheka. Mimi nami nilicheka, na mume wangu, na mwishowe wale mama, ingawa bado hawajaelewa.

Tulipowaeleza, yule mkubwa alinitazama kutoka kichwani mpaka miguuni. "Kilomita kumi na mbili," alisema. "Na mwili huu?"

"Na mwili huu, mama. Sina mwingine."

Yalipobaki majuma matano, malaria ilinishika. Nililala siku nane. Nilipoamka magoti yalikuwa kama ya mtoto anayeanza kusimama, na mvua ilikuwa inanyesha kila asubuhi. Nilifanya hesabu kitandani. Nilichopata kwa miezi mitatu kilikuwa kimekwenda na jasho la homa. Nilijisemea kwamba kona ya posta pia ni mahali, na kwamba hata kuikubali homa ni kitu cha akili. Mama alikuja mlangoni alfajiri.

"Homa imeisha. Amuka."

"Mama, siwezi. Nitawaambia nimeugua. Ni kweli nimeugua."

"Ni kweli," alisema.

Hakuniomba tena. Nilimsikia akifungua mlango wa nje. Nilingoja asikie mvua na arudi. Hakurudi. Nilipochungulia dirishani nilimwona amefika barabarani, amejifunika mfuko wa plastiki kichwani, anakwenda upande wa Lukuga peke yake, mwanamke mzee asiye na jina kwenye orodha yoyote, hatua zake zile zile. Nilimtazama mpaka nguzo ya tatu. Hasira ilinipanda, sijui juu yake au juu yangu. Nilivaa sketi, nikavaa viatu bila vitambaa, nikatoka. Nilimfikia kwenye nguzo ya tisa, nikiwa natembea zaidi ya kukimbia, na meno yanagongana.

"Mama, umenyeshewa bure."

"Nilitaka kuona kama kuko kitu kule," alisema. "Umenieleza vibaya. Mutu hawezi kutembea miezi mitatu kwenda mahali pasipo na kitu."

Siku ile hatukufika mbali, wala kesho yake. Lakini juma la tatu baada ya homa, Jumamosi kabla ya salongo, ile kazi ya lazima ya usafi wa mji, nilipita mahali tulipokuwa tunageukia, nikaendelea. Barabara iliacha nyumba, ikaingia kwenye matete, upepo wa ziwa ukanipiga ubavuni. Nilitembea vipande viwili, vingine vyote nilikimbia. Halafu daraja likaonekana. Nilishika chuma chake kwa mikono miwili. Chini, maji yalikuwa yanatoka ziwani yanaingia mtoni, ya rangi ya chai, yanakwenda bila haraka. Mama alifika muda mrefu baadaye. Naye alishika chuma, akatazama chini, akatema mate majini.

"Hmm," alisema. Halafu, "Turudi, watoto hawajakunywa uji."

Siku ya sikukuu jua lilitoka kali. Gare ilijaa watu, bendi ya tarumbeta, wanafunzi na bendera ndogo. Walimu kutoka shule zote tulipangwa mbele ya kamba, na kila mmoja alibandikwa namba ya karatasi kifuani. Wanawake tulikuwa wachache, wengi vijana, na wawili walikuwa tayari wanaulizana ni wapi wataingia pembeni. Direkteri alinipitia, akaona sketi yangu na viatu, akatabasamu kama mtu anayetazama mtoto aliyevaa kofia ya baba yake.

"Kona ya posta, mama," aliniambia kwa sauti ndogo. "Usijiumize."

Filimbi ilipigwa. Wote waliruka kama nzige. Mimi nilianza na Salamu Maria ya kwanza, moyoni, polepole, na baada ya nguzo sita nilikuwa wa mwisho kabisa. Watu walipiga kelele: "Mama, kimbia! Mama, bukari itapoa!" Kwenye kona ya posta sekretere wa shule yetu alikuwa anasimama kivulini na chupa ya maji. Alinipungia mkono.

"Hapa, sitwayeni! Hapa!"

Nilikunywa yale maji kwa mafunda mawili nikiwa natembea, nikamrudishia chupa, nikasema, "Asante, papa," nikaanza tena kukimbia. Alinifuata hatua chache akiita, "Lakini wamekwisha..." Sikusikia mwisho wake.

Baada ya nusu ya njia nilianza kuwapita watu. Sikuamini mwanzoni. Wale walioruka kama nzige walikuwa wameketi kando ya matete, wamevua viatu. Mwalimu mmoja mwanaume, kijana wa misuli, alikuwa anatapika kama nilivyotapika mimi kule karibu na reli. Nilimwambia pole. Waliobaki walikuwa mbele sana, walikwisha geuka, walinipita wakirudi, na mwalimu wetu wa kalasi ya sita aliinua mkono. Darajani mtu mmoja chini ya mwavuli alinigonga muhuri wa wino wa zambarau mkononi, ushahidi kwamba nimefika, akaanza kukunja meza yake.

Kurudi ndiko kulikuwa kazi. Jua lilikuwa usoni. Paja la kushoto lilikaza kama kamba iliyolowa. Nilitembea nguzo mbili, nikakimbia mbili, nikatembea tatu, nikajikasirikia, nikakimbia nne. Hakukuwa na bendi huku wala bendera, ila wanawake wa ndagala, na hao walisimama wote. Karibu na kiwanda nilimwona Mama. Alikuwa amevaa kikwembe chake cha misa, fimbo mkononi. Nilitaka kusimama nimwambie kwamba mguu umekufa, na nilikwisha kupunguza mwendo.

"Usisimame kunisalimia!" alipaza sauti. "Tunaishi nyumba moja!"

Nilipita. Nilimsikia nyuma yangu akianza kutembea, fimbo ikigonga lami.

Pale gare, kamba ilikuwa imeshushwa chini. Bendi walikuwa wanafunga tarumbeta kwenye magunia, na viongozi walikuwa wamekwenda kunywa. Niliruka juu ya ile kamba, au niseme niliivuka, na hakuna mtu aliyepiga filimbi. Kwenye meza alibaki kijana wa orodha, na Direkteri wetu pembeni yake akizungumza naye. Niliegemea meza mpaka pumzi zikarudi.

"Namba yangu hii," nilimwambia kijana.

Alipitisha kidole. "Hapa imeandikwa umeacha, sitwayeni. Kona ya posta."

"Sikuacha."

"Lakini imekwisha andikwa."

Niliweka mkono mezani mbele yake, wino wa zambarau juu. Ulikuwa umechuruzika kwa jasho lakini ulisomeka. "Mimi ni mwalimu," nilimwambia. "Kila siku nasahihisha makosa. Futa, andika nimefika."

Kijana alimtazama Direkteri. Direkteri aliutazama mkono wangu muda mrefu, halafu uso wangu, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kuniangalia hivyo. Alichukua kalamu kutoka kwa yule kijana, akakata lile neno kwa mistari miwili, akaandika mwenyewe.

"Nisamehe, mama," alisema. "Nilidhani nakusaidia."

"Najua, Direkteri."

Nilikuwa wa mwisho kati ya waliomaliza. Sikupata kitu, vitambaa vya zawadi vilikuwa vimekwisha. Mama alifika wakati nimekaa kwenye ngazi za gare nimevua viatu, akaketi karibu yangu, akachukua mguu wangu wa kushoto juu ya mapaja yake, akaanza kuukanda bila kuuliza, mbele ya watu wote, yeye mkwe na mimi mkwe. Mtu wa zamani angeona aibu. Tulikaa hivyo mpaka mume wangu akatukuta.

Baada ya mvua kukatika Mama alirudi Moba kuangalia mahindi yake, na alikaa huko msimu mzima. Mimi niliendelea kila Jumamosi, wakati mwingine na yule mwalimu kijana aliyekuwa amejifungua, mara nyingi peke yangu. Kasi yangu haikuwahi kuwa kubwa. Miaka minne baadaye mume wangu alihamishiwa Kabalo, tukapakia vitanda na watoto kwenye treni. Barabara za kule zilikuwa mchanga mtupu, mguu unazama mpaka kwenye kifundo. Asubuhi ya kwanza nilifika kama nusu ya uzio wa misheni, nikakaa chini kupumua. Asubuhi ya pili nilipita mwisho wa uzio.